Land Rover 109 inazima kila nikifika Pongwe, nikisubiri nusu saa inawaka. Ni kabureta au mafuta hayafiki?

Mkonge109

Wakuu heshima kwenu. Naombeni msaada kwa wanaozijua hizi gari za zamani maana saivi nimefika mahali sijui nimsikilize nani.

Nina Land Rover Series III 109 pickup ya mwaka 1974, injini ya petroli ile ya lita 2.25, kabureta (ile inayochanganya mafuta na hewa) ni Zenith. Ilikuwa ya marehemu baba. Alipofariki ikakaa chini ya mwembe kule Muheza miaka minne hakuna aliyeigusa, tenki likiwa na mafuta kidogo tu kule chini. Mwaka huu nikasema hii gari haitafia pale, nikaivuta mpaka Tanga mjini, tukafanya breki zote, betri, plagi, pointi na kondensa mpya (vile vya umeme wa kuwasha plagi), tukamwaga yale mafuta ya zamani yaliyokuwa yananuka kama rangi ya mlango, tukaweka mapya, ikawaka. Nilimpigia mama nikaweka simu karibu na boneti asikie mlio, akanyamaza kidogo kisha akasema "ndo yenyewe".

Sasa tatizo. Mjini haina shida kabisa, Makorora mpaka Raskazone na kurudi hata mara tatu kwa siku. Lakini nikishika barabara ya Muheza, nikifika Pongwe au mbele kidogo, kama kilomita 15 hivi, nguvu inaanza kupungua, nakanyaga mafuta gari haivuti, inakohoa, inarukaruka, nikivuta choki kidogo inapata nafuu mita mia mbili mia tatu halafu inakata kabisa. Napiga stata weee mpaka naihurumia betri. Nikikaa pembeni nusu saa nikapiga tena inawaka mara moja kama haikuwa na lolote, naenda kilomita tano au sita inazima tena. Mara ya mwisho nimetumia masaa matatu kufika Muheza.

Fundi kashabadilisha koili, kabadilisha filta, saivi anasema kabureta imekufa nitafute nyingine, ya mkononi kapata kwa laki tatu na nusu. Hela hiyo ninayo kwa taabu sana na msimu wa machungwa unakaribia, nilitaka ndo ianze kujilipa. Kabla sijaitoa naomba mnishauri.

Kijana_wa_Kange

Mkuu hiyo ni joto tu. Mafuta yanachemka kwenye paipu yanageuka mvuke, pampu inabaki inanyonya hewa, ndo maana ikipoa inawaka. Kwa joto la Tanga hili gari za kabureta zote ziko ivo. Toa hiyo pampu ya kwenye injini weka ya umeme, hata ya Noah inafaa, spea zimejaa Ngamiani. Mjomba angu kaweka pampu ya umeme kwenye Datsun 1200 yake saivi anakwenda nayo Horohoro kila wiki.

FundiMstaafu_Korogwe

Mwanangu Mkonge, pole na msiba na hongera kwa kuiokoa gari ya mzee. Mimi nimefanya gereji ya shamba la mkonge miaka 22, Land Rover hizi na matrekta ndo zilizonisomeshea watoto, kwahiyo niandike kirefu kidogo.

Kabureta usinunue kwanza. Kuna jambo umelitaja hapo katikati ukalipita haraka: ukivuta choki inapata nafuu. Choki inabana hewa ili injini inyonye mafuta zaidi, kwahiyo gari inayopata nafuu kwa choki ilikuwa na njaa ya mafuta. Ingekuwa koili au kondensa inayokufa ikipata moto, ungevuta choki mpaka uchoke, isingekusaidia. Na ugonjwa wa hizo Zenith tunaujua, uso wake unapinda zikikazwa ovyo, lakini ikipinda inamwaga mafuta mengi, moshi mweusi, plagi zinakuwa kama masizi ya chungu, hapo ukivuta choki ndo unaizima. Toa plagi zako uangalie, mimi nadhani utazikuta nyeupe.

Kwa nini mjini haizimi? Piga hesabu. 109 ya petroli ikikupa kilomita 5 au 6 kwa lita shukuru Mungu. Ukienda 60 kwa saa inataka lita 10 mpaka 12 kwa saa, yaani karibu bilauri moja ya mafuta kila dakika, bila kupumzika. Makorora unasimama unaondoka, unasimama unaondoka, bakuli la kabureta, pale mafuta yanapokaa kabla ya kunyonywa, linapata nafasi ya kujaa. Barabara ya Muheza hiyo nafasi haipo. Kwahiyo mafuta yanafika lakini machache, kuna kitu kinayabana njiani.

Kijana wa Kange, nakuomba sana hilo la pampu ya Noah usimshauri mtu. Pampu ya gari ya EFI, zile zinazopuliza mafuta kwa umeme bila kabureta, inasukuma psi 40 na zaidi (psi ni kipimo cha msukumo). Pampu ya Land Rover hii ni psi 1.5 mpaka 2.5, basi. Ile sindano ndogo ya kwenye bakuli, inayofunga mafuta likijaa, haiwezi kuzuia psi 40, mafuta yatafurika juu ya kabureta yashukie kwenye egzosti iliyo moto. Gari moja ya shambani iliungua mbele yangu kwa mafuta yaliyofurika namna hiyo, dereva alitoka na viatu tu. Kama lazima umeme basi ni ile pampu ndogo maalum ya kabureta, na hata hiyo haitasaidia kama njia yenyewe imeziba.

La joto silikatai, petroli inaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 mpaka 40, tena ikiwa inanyonywa inachemka mapema zaidi. Ungeniambia inazima ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni, gia ya pili, jua la saa nane mchana, ningesema ndiyo. Lakini Pongwe tambarare ile na upepo unaingia kwenye rejeta? Liweke la mwisho.

Sasa fanya hivi, na cha muhimu kuliko vyote ni muda. Ikizima usikae nusu saa kusubiri, maana ukisubiri unaufuta ushahidi wote, fundi akifika anakuta gari nzima. Dakika ile ile ilipozima fungua boneti, toa ule mpira mkubwa wa hewa juu ya kabureta, chungulia ndani huku unavuta wenzo wa mafuta wa kabureta kwa mkono. Unatakiwa uone mafuta yakichuruzika kama mkojo wa mtoto. Ukiyaona, bakuli lina mafuta, nenda kwenye moto wa plagi. Usipoyaona, ni kavu, hapo achana na umeme kabisa. Halafu angalia kile kikombe cha kioo chini ya pampu, kama bado unacho, kimejaa au kina vipovu. Halafu fungua mfuniko wa tenki usikilize, ukisikia inavuta pumzi "fyuuu" basi tundu la hewa la mfuniko limeziba, pampu inanyonya tenki lisiloingiza hewa. Hiyo peke yake nimeikuta mara nyingi sana, watu wanapoteza mfuniko wenyewe wanaweka wa gari nyingine usio na tundu, au wanafunga nailoni.

Usivute sigara hapo, na subiri egzosti ipoe kabla hujafungua paipu lolote la mafuta.

Dada_Chumbageni

Shikamoo mzee. Mkonge pole kaka angu, mimi nina Volkswagen kobe ya 1971 niliyoachiwa na shangazi na nilipitia kitu kama hicho hicho, miezi mitatu nalia na gari, kwahiyo naongeza moja ambalo mzee hajaligusa.

Angalia mipira ya mafuta, na usiiangalie kwa nje. Wangu ulikuwa mzuri kabisa kwa nje, mweusi, hauna ufa, klipu zimekaza. Tulipoutoa nikaupasua kwa wembe kwa urefu, ndani kuna ngozi nyingine imebanduka inaning'inia kama ulimi. Injini ikinyonya taratibu mafuta yanapita pembeni, ikinyonya kwa nguvu ule ulimi unalala unaziba tundu lote. Ukizima unarudi mahali pake. Kwa hiyo kila fundi aliyekuja alikuta mafuta yanapita. Mpira wenyewe ulikuwa na urefu wa kiganja changu, gharama yake haifiki hata nauli ya kwenda Muheza na kurudi.

Na ukinunua mpira mwambie muuzaji ni wa petroli, wala usikubali ule mwepesi unaong'aa wa kupimia maji kwa mafundi ujenzi, ndani ya mwezi unakuwa mgumu kama kijiti na unapasuka.

FundiMstaafu_Korogwe

Marahaba mwanangu. Hilo umelisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema mimi. Na mpira wenye ufa upande wa kunyonya hautadondosha mafuta, utaingiza hewa tu, kwahiyo ukitafuta unyevu hutaona kitu.

Kijana_wa_Kange

Mzee nimekuelewa, nimemuuliza mjomba kumbe yake ni hiyo ndogo ya kabureta siyo ya EFI. Samahani Mkonge, usiweke ya Noah.

Mkonge109

Nimerudi wakuu, na nimekuja na majibu.

Jumamosi nilitoka asubuhi na mdogo wangu, spana, bisibisi, chupa ya maji ya nusu lita na kipande cha mpira mpya. Ikazima pale pale, baada ya Pongwe, mkonge pande zote mbili. Nikaruka nikafungua boneti kabla hata mdogo wangu hajashuka. Nikatoa mpira wa hewa, nikavuta wenzo wa mafuta, kavu. Nikavuta tena na tena, kavu, hata tone. Plagi nikatoa moja, nyeupe kama mfupa, na moto wake wa bluu mzuri tu. Kile kikombe cha kioo ninacho, kilikuwa na mafuta nusu na vipovu vidogo vidogo vinapanda kama soda. Mfuniko wa tenki nikafungua taratibu sikio likiwa karibu, haukuvuta pumzi yoyote, tena nikaendesha kidogo bila mfuniko, nimefunga kitambaa tu, ikazima vile vile. Kwahiyo mfuniko hauna kosa.

Mipira miwili nimeipasua kama dada alivyosema, yote mizima ndani, ila nimeshaweka mipya.

Injini ilipopoa nikafungua paipu linaloingia kwenye pampu, lile linalotoka tenki. Alikuwa anapita kijana na baiskeli kabeba nazi, nikamuomba pampu yake ya upepo, nikaichomeka kwenye paipu kwa kipande cha mpira nikapuliza kurudi tenki. Mwanzo iligoma, mkono unasukuma pampu inarudi, halafu ghafla ikaachia nikasikia "blugu blugu blugu" chini ya siti. Nikafunga paipu, nikapiga ile wenzo ya mkono ya pampu mpaka kikombe kikajaa pomoni, stata moja ikawaka. Nikaenda Muheza moja kwa moja bila kusimama! Nilipofika kwa mama nilikuwa natetemeka.

Lakini jana wakati wa kurudi ikazima tena Mkanyageni. Nikapuliza tena, ikaenda tena. Mzee hapo unasemaje?

FundiMstaafu_Korogwe

Nasema kazi umeshaimaliza, imebaki jasho tu. Ugonjwa uko ndani ya tenki.

Gari ilikaa miaka minne na mafuta kidogo. Tenki la bati likiwa tupu juu, hewa ya huku kwetu yenye unyevu inaingia, usiku bati linapoa maji yanajikusanya kwa ndani kama jasho la mtungi, yanateremka mpaka chini kabisa kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli. Hapo kutu inaanza. Tenki lako sasa lina chenga za kutu, na mdomo wa paipu la kunyonyea una kichujio cha waya. Ukienda taratibu chenga zimelala chini. Ukienda mwendo pampu inanyonya kwa nguvu na gari inatikisika, chenga zinanyanyuka zinajibandika kwenye kichujio mpaka kinazibika. Gari ikizima hakuna anayenyonya, kwa nusu saa zinabanduka moja moja zinarudi chini, unawasha, unaondoka. Vile vipovu ulivyoona ni petroli yenyewe ikichemka kwa kunyonywa bila kupata njia.

Kwahiyo kijana wa Kange hakukosea kusema mvuke, ila mvuke umetokana na kuziba.

Tenki lako liko chini ya siti, lile la lita 45. Nyanyua mto wa siti, kuna kifuniko cha bati, ukikitoa utaliona. Toa waya wa betri kwanza kabla ya chochote, ile hasi. Mwaga mafuta yote kwa nati ya chini, kwenye dumu, uwanjani penye upepo, mbali na jiko la mama ntilie na mbali na mtu wa kuchomelea. Litoe lote, usijaribu kulisafisha likiwa kwenye gari. Kisha tia kokoto ndogo safi kama debe la robo, maji ya moto na sabuni ya unga, ziba matundu, mlitikise watu wawili kama mnapepeta, mnageuza pande zote, mnamwaga, mnarudia mpaka maji yatoke bila rangi. Kutu iliyoshika sana weka siki usiku kucha. Mwisho suuza, hesabu kokoto zote zitoke, anika juani mdomo chini siku nzima, na likikauka usiliache tupu, paka petroli ndani siku hiyo hiyo maana kutu mpya inaota haraka kuliko unavyofikiri.

Ukikuta tundu USICHOMELEE. Hata likioshwa mara kumi. Mvuke wa petroli unajificha kwenye mikunjo ya bati na tenki tupu linalipuka vibaya kuliko lililojaa. Mpelekee fundi wa rejeta anayejua kulijaza maji kwanza, au tafuta tenki jingine.

Halafu weka filta ndogo ya kuonekana kwa ndani kabla ya pampu, na ubebe mbili za akiba. Mwezi wa kwanza utabadilisha mara nyingi.

Dada_Chumbageni

Kaka utuletee picha ya hicho kichujio tafadhali.

Mkonge109

Picha simu imegoma kupandisha ila nitawaelezea, na sitasahau maisha yangu yote.

Tenki tulilitoa juzi uani Makorora, ilituchukua nusu siku kwa sababu bolti mbili za chini zilikuwa zimeshikana na kutu, tukazilowesha mafuta usiku. Tulipotoa paipu la kunyonyea, kichujio cha waya kilikuwa kimevaa koti la kahawia, ukikigusa linabanduka unga laini kama wa tangawizi. Na katikati ya ule unga, imejisokota kwenye waya, kipande cha nailoni ya bluu, kama nusu ya kadi ya simu kwa ukubwa. Nilikaa nacho mkononi nikakumbuka, baba alipoteza mfuniko wa tenki siku za mwisho mwisho, akawa anafunga nailoni na kamba ya mkonge kabla hajapata huu uliopo sasa. Ile nailoni ilikuwa ya mfuko wa sukari wa dukani kwetu, naijua rangi yake. Kumbe ilichanika ikaingia, ikakaa humo miaka yote ikinisubiri. Nimeiosha nimeiweka kwenye kile kiboksi cha dashibodi, sijaweza kuitupa.

Kutu iliyotoka ilijaza kikombe cha chai na zaidi. Tulitikisa mara sita mpaka mikono ikawa haishiki kijiko. Siki tuliweka chupa nane usiku mmoja, asubuhi bati la ndani lilikuwa la kijivu safi. Matundu hakuna, Alhamdulillah.

Jana nimeenda Muheza na kurudi, na mzigo, bila kuzima hata mara moja. Kurudi nilipita pale nilipokuwa nazimikia siku zote nikiwa nimekaza mikono kwenye usukani, ikapita tu, 60 kwa saa, inaunguruma. Filta ya kioo nimeibadilisha mara moja, ilikuwa na chenga kidogo chini. Kabureta sijanunua. Ile laki tatu na nusu naweka tairi mbili za nyuma. Fundi wangu nimemwonyesha kichujio, naye kashangaa, hakuwahi kufungua tenki la 109.

Mzee wa Korogwe nikipata nafasi nakuja na kapu la machungwa, unielekeze tu nyumbani.

FundiMstaafu_Korogwe

Njoo mwanangu, ila njoo na gari yenyewe niisikie. Na siku zote ukiilaza muda mrefu iache tenki limejaa, unyevu ukose pa kukaa.

Kijana_wa_Kange

Swali la mwisho Mkonge, ile gasketi ya duara ya juu ya tenki, pale penye geji ya mafuta, uliipata wapi? Ya mjomba inavuja kila akijaza.

Mkonge109

Haipatikani, tumekata wenyewe. Nunua karatasi ya gasketi ya kupima, weka ile geji juu yake, chora kwa kalamu, kata kwa mkasi, matundu ya skrubu toboa kwa msumari. Usipake silikoni ile ya kawaida, petroli inailainisha na vipande vinaanguka humo humo ndani, utarudi tulikoanzia. Kaza skrubu kwa kupishana, kidogo kidogo, halafu jaza tenki uangalie kwa kitambaa kikavu.